Maganda Yenye Mikwaruzo Mitano

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA LARKSPUR, JIMBO LA MONTANA
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kuhusu: Kujeruhiwa kwa Janelle Rusk, uwanja wa kulenga shabaha wa Hadley Fork
Tarehe: Jumatano, 13 Machi 2013. Yameanza kuandikwa saa tano kasorobo asubuhi.

Jina: Merle Haugen
Umri: Miaka 66
Kazi: Mstaafu. Nilikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao.
Makazi: Barabara ya Quarry, nje kidogo ya mji wa Hadley Fork

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Maelezo yangu ya kwanza niliyatoa Jumamosi tarehe 9 Machi, yakaandikwa na huyu huyu Naibu Sherifu Zabel, na ndani yake kuna jambo ambalo si kweli. Naomba nianzie mwanzo nisije nikajichanganya.

Nimejaza risasi nyumbani kwangu kwa miaka thelathini na nane. Ganda la shaba likishafyatuliwa bado lina kazi. Unaliokota, unalisafisha, unalirudishia umbo lake kwa mashine ya mkono, unatia fataki mpya, kile kidude cha kuwasha baruti, kwenye kitako, unatia baruti, unapachika kichwa. Lakini kila likifyatuliwa shaba yake huvutika na kuchoka. Kwa hiyo kila ninapojaza ganda nalikwaruza mara moja kwa tupa kwenye ukingo wa kitako. Likifikisha mikwaruzo mitano nalifyatua mwenyewe, simpi mtu, kisha nalitupa kwenye ndoo ya bluu iliyoko banda la kuni, lisubiri kupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pale kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha kila mtu anaijua sheria yangu hiyo, na wananicheka kwa ajili yake.

Mwaka huu ulianza vibaya. Tangu Desemba redioni hakukuwa na habari nyingine ila sheria mpya za bunduki, kwamba hiki kitapigwa marufuku na kile kitahesabiwa. Kufikia wiki ya pili ya Januari watu walikuwa wamenunua kila kitu kwa hofu na rafu za duka letu zilikuwa tupu kabisa, hakuna risasi, hakuna fataki, hakuna baruti. Uwanjani niliona watu wazima wamepiga magoti kwenye theluji wanaokota maganda, mengine si yao. Mimi nilibadilisha kufuli ya chumba changu cha chini ya nyumba. Niliacha kutaja neno baruti kwenye simu. Kuna mtu mgeni alinijia uwanjani akaniuliza nina maganda kiasi gani nyumbani, nikaandika namba ya gari lake kwenye kiganja. Baadaye nikaambiwa ni mchungaji mpya wa Kilutheri na yeye pia ni mwindaji. Namba sikuifuta.

Lowell Pruitt ni fundi wa mabomba, ana miaka 64. Tumewinda pamoja misimu thelathini na mmoja. Kila Alhamisi saa kumi jioni huja kwangu, tunashuka chini, tunakunywa kahawa. Naye anajaza risasi, ila anapenda ziwe kali, baruti mpaka ukomo wa kitabu. Nimemgombeza mara nyingi kwa hilo.

Alhamisi tarehe 17 Januari alisimama mbele ya rafu zangu na kikombe mkononi.

"Merle, una fataki ngapi pale juu?"

"Za kunitosha."

"Za kukutosha wewe, au wewe na jeshi zima?"

Nilicheka. Alipokwenda msalani nilizihesabu. Hakuna iliyopungua. Alhamisi iliyofuata nilizihesabu kabla hajafika na baada ya kuondoka.

Mnamo tarehe 14 Februari, Lowell aliniambia kwamba Janelle, binti wa dada yake, amerithi bunduki ya babu yake na anataka kujifunza kabla ya msimu wa kulungu. Janelle ana miaka 24, ni msaidizi wa daktari wa meno hapa mjini.

Lowell alisema, "Dukani hakuna kitu. Zangu ni kali mno kwa mtu anayeanza. Mpe zako ishirini tu, ajizoeze."

"Nawe ukitoka hapa utamwambia nani kwamba natoa risasi?"

"Nitamtangazia Rais. Wewe mzee, mpe mtoto risasi."

Nilimpa boksi moja la risasi ishirini. Juu yake niliandika kwa mkono wangu kipimo cha baruti na jina langu.

Jumamosi tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, nilikuwa uwanjani meza ya tatu. Janelle alikuwa meza ya kwanza na mjomba wake amesimama nyuma yake. Alifyatua risasi sita, nne ziliingia kwenye karatasi, na Lowell akapiga kelele kama mtu aliyeshinda yeye. Miwani ya kinga ya Janelle ilikuwa imeingia ukungu kwa baridi, akaipandisha kwenye paji la uso. Mlio wa saba ulikuwa butu, kama mlango wa pikapu unaofungwa vibaya. Janelle alikaa chini kwenye theluji, kiganja kimefunika jicho la kulia. Hakulia. Aliuliza, "Mjomba, nimekosea nini?"

Lowell alivua kofia yake akamfuta uso. Gari la wagonjwa lilifika saa nne na dakika ishirini na tano. Watu wote walikuwa kwake. Mimi nilikwenda kwenye bunduki. Nilivuta komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kikatoka kitako kitupu, ganda lilikuwa limekatika juu yake kidogo. Moshi ndio uliorudi nyuma na vipande vya shaba, ukampata jichoni. Nilikigeuza kitako kile nikaona mikwaruzo mitano ya tupa yangu.

Afande Zabel alipofika aliniuliza kama risasi zile ni zangu. Nilijibu kwamba boksi ni langu lakini risasi zimebadilishwa, kwa sababu ganda la mikwaruzo mitano halitoki nyumbani kwangu ila kwa kuibwa kwenye ndoo. Nilisema mtu pekee anayefika kwenye banda langu la kuni ni Lowell Pruitt. Nilisema pia kwamba Lowell hujaza baruti kupita kiasi. Hakuna aliyeniuliza hilo la mwisho, nililiongeza mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nilikagua ndoo ya bluu. Novemba ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Sasa ilikuwa nusu. Nilimpigia afande simu nikamweleza. Jioni ile ofisi hii ilichukua bunduki tatu za Lowell pamoja na mashine yake ya kujazia, na klabu ikamsimamisha uanachama. Wanachama wawili walinipigia kunishukuru, wakasema mtu kama yule ndiye anayewapa wanasiasa sababu ya kutunyang'anya sote. Nilikubaliana nao.

Jumatatu tarehe 11 Machi, saa moja asubuhi, Lowell alikuja getini kwangu kwa miguu. Alikuwa hajanyoa ndevu. Sikumfungulia.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka uniangalie usoni uniambie ulichowaambia wale."

"Niliwaambia nilichokiona."

"Uliniona mimi nachota ndoo yako?"

"Nani mwingine anayeingia humu, Lowell?"

"Yule ni mtoto wa dada yangu Carol! Nimemshika mkono siku ya kwanza shuleni. Mimi nimtengenezee risasi ya takataka, halafu niiweke kwenye boksi lako? Ili nipate nini, Merle?"

Nilimwambia kwamba tangu Januari amekuwa akizitamani rafu zangu. Alisema, "Kumbe ulikuwa unanihesabia. Kila Alhamisi nakunywa kahawa yako, nawe unanihesabia." Akageuka akaenda zake. Nilimtazama mpaka alipopita kona. Niliona anatembea kama mtu mwenye hatia. Naeleza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule.

Jumanne tarehe 12 Machi, yaani jana, saa sita na nusu mchana, tulikuwa mezani mimi na mke wangu, Ardis Haugen. Alikuwa amepika mchuzi wa nyama ya kulungu. Alipakua bakuli zote mbili lakini yeye hakula.

Aliniambia, "Merle, Januari uliitoa ndoo ya bluu bandani ukaiteremsha chini. Mimi ndiye niliyekushikia mlango."

Nilisema hapana, ile ilikuwa ndoo nyingine.

"Tuna ndoo ngapi za bluu?"

Niliweka kijiko chini. Akasema, "Nimengoja siku tatu ulikumbuke mwenyewe. Leo nimetoka dukani, nimemwona Carol. Amepita karibu yangu kama vile mimi ni nguzo."

Nilishuka chini. Kwenye rafu kulikuwa na boksi lingine nililolijaza siku ile ile na lile la Janelle, Jumapili tarehe 27 Januari, mwandiko wangu, mkanda wangu wa gundi haujafunguliwa. Nililifungua mezani. Ishirini zote zilikuwa na mikwaruzo mitano. Sikuwa nimeongeza wa sita.

Afande ameniuliza hapa kama siku ile ya Januari nilisahau sheria yangu mwenyewe. Nilitaka kujibu kwamba nilisahau. Sikusahau. Nina waya wa kubania karatasi niliounyoosha na kuukunja ncha. Ukiupitisha ndani ya ganda na shaba imeshakonda, ncha inakwama kwenye mfereji mdogo karibu na kitako. Mwezi Januari niliyapima maganda yale kwa waya ule. Mengi yalikuwa sawa. Kwenye machache ncha ilikwama, kidogo sana, nikajiambia ni uchafu. Redioni walikuwa wanasema huenda tusipate tena ganda jipya hata moja. Nilijaza yote. Mkwaruzo wa sita sikuutia kwa makusudi, kwa sababu sikutaka mtu auone. Na Lowell alipoomba boksi, maboksi yenye maganda mapya niliyaacha juu ya rafu nikampa moja la maganda ya ndoo.

Kipimo cha baruti kilikuwa sahihi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kujitetea.

Jumamosi nilipoona mikwaruzo mitano nilijua pa kwenda kutazama, chini kwangu. Badala yake nilikwenda kutazama kwa Lowell.

Leo asubuhi saa mbili na robo nilikuwa hospitali. Mama yake Janelle, Carol Rusk, alisimama mlangoni, akanipisha baada ya Janelle kusema niingie. Jicho la kulia limefungwa bandeji. Daktari amewaambia halitaona tena. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na waya. Nilieleza nikiwa nimesimama.

Aliuliza, "Kwa hiyo sikukosea kitu?"

"Hukukosea kitu."

"Kwa siku nne nimekuwa nikirudia mikono yangu ilivyokuwa. Nilidhani sikufunga komeo vizuri." Halafu akauliza, "Na mjomba?"

Nikamwambia hakugusa chochote. Carol alitoa sauti, sijui niiite nini. Janelle aliniambia niondoke, na nisirudi mpaka atakaponiita mwenyewe, na huenda asiniite. Niliondoka.

Kutoka hospitali nilikuja hapa moja kwa moja. Nimeleta boksi lililobaki, ndoo ya bluu, tupa na waya. Nyumbani nimeacha mlango wa chini wazi na Ardis anajua mnakuja. Mchukue mnachotaka, na orodha sihitaji.

Naomba Lowell Pruitt arudishiwe vitu vyake na klabu iandikiwe barua. Nimeyasema haya kwa hiari yangu, bila kushurutishwa, nikiwa na akili timamu. Yale ya Jumamosi kuhusu Lowell Pruitt nayakana. Haya ndiyo ninayoyasimamia hata mbele ya hakimu.

(Sahihi) M. Haugen

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyathibitisha na kutia sahihi mbele yangu saa sita na dakika kumi mchana. Nimempa onyo kwamba anaweza kushtakiwa kwa jeraha lile na kwa kutoa taarifa ya uongo. Amesema ameelewa. Vielelezo vinne vimepokelewa.

Saa saba kamili Bw. Pruitt alifika kwa wito wangu kuchukua mali yake. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, akisubiri mkewe aje kumchukua. Alisimama akataja jina la Bw. Pruitt. Bw. Pruitt alimpita akaja mezani kwangu. Alitia sahihi, akabeba bunduki zake mpaka mlangoni, kisha akauliza bila kugeuka:

"Yule mtoto umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kabla ya kuja hapa, au baada ya kutoa maelezo?"

"Kabla."

Bw. Pruitt alirudi mezani kwangu kuchukua mashine yake, nayo ilikuwa bado imefungwa kwenye ubao wake mzito, haibebeki na mtu mmoja. Shahidi alishika upande wa pili. Waliipeleka hadi kwenye pikapu, wakaiweka nyuma, na Bw. Pruitt akaondoka.

(Sahihi) R. Zabel, Naibu Sherifu