Kiti Chako Kwenye Kamati ya Shule

Nyaminwa, dada yangu Awino,

Ni mimi ndugu yako Okech, yule ambaye serikali hii ya Uhuru ikikwama hapa Rusinga humtafuta kwanza. Juzi kule Homa Bay DC mwenyewe alisimamisha Landrova katikati ya barabara ili anisalimie. Akavua kofia. Dereva wake ni shahidi.

Lakini habari niliyo nayo ni mbaya, na sijui niishike wapi.

Kamati ya shule ilikaa juu ya lile shauri ulilokufa ukilipigania. Baraza la Kaunti lilitaka shule yetu ibaki na madarasa ya chini tu. Kuanzia la tano, watoto wavuke maji kwenda Mbita. Kamati ikikataa, basi, shauri limekwisha, watoto wanabaki. Unakumbuka ulivyosimama mbele ya diwani wao, leso kiunoni? "Baba yake Akinyi wangu alizama katika maji haya. Nauli ya nyumba yangu imekwisha kulipwa." Diwani akaanza kutafuta kalamu, na kalamu iko mkononi mwake! Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Sasa siku ya kura kiti chako kilikuwa pale pale, karibu na dirisha. Mwenyekiti akaniita: "Okech, wewe ni ndugu yake. Kaa hapo, utupe sauti yake." Watu wote wakanigeukia. Na wewe unanijua nikigeukiwa na watu. Nikasimama, nikasafisha koo kama jaji, nikasema: matanga ya dada yangu hayajaondolewa, na nyinyi mnataka nikalie kiti chake? Hiyo ni chira. Laana itaingia humu shuleni na kwa watoto wetu. Kiti kibaki wazi! Wazee wakapiga makofi. Nikawaongezea na methali mbili za wahenga, nilizozitunga pale pale.

Kisha wakainua mikono. Ya kukataa ikalingana na ya kukubali.

Nikaangalia kiti chako. Mkono mmoja tu, dada. Mmoja. Mwenyekiti akakuna kidevu, halafu akainua wake upande wa diwani.

Nikapiga kelele kwamba sasa nakaa, nakaa! Mama Odongo akanijibu kutoka nyuma: "Kalia mdomo wako, Okech. Ni mpana kuliko kiti." Hakuna aliyecheka.

Jumamosi madawati ya darasa la tano yalipakiwa kwenye mashua. Kile chumba mlichokibebea mawe kichwani, nyinyi wanawake, sasa humo wanalala mbuzi. Akinyi hakulia. Aliniuliza tu, "Nera, mashua huondoka saa ngapi?" Nera, mjomba wake. Bado ananiita hivyo. Ningeshukuru kama angenitukana.

Lala, nyaminwa. Jumatatu anaanza, na hatavuka peke yake. Asubuhi nitakaa naye ndani ya mashua, jioni nitamrudisha, mpaka siku atakapomaliza shule. Nakuahidi kwa tumbo lililotuzaa sisi wawili. Nimemwambia asiogope kitu, kwa maana mjomba wake alishawahi kuogelea kutoka hapa mpaka Mbita, mamba akimfuata nyuma kama mbwa wa nyumbani. Akaniangalia, akanishika mkono. Nadhani ameamini.

Dada, mimi sijui kuogelea.