Bingwa wa Bukavu Uwanjani Veracruz

Mpwa wangu Neema, pokea joto la Veracruz, likutoe uchovu wa ghala huko Grand Prairie.

Baharini tumeogelea, lakini sikia hii! Jioni kwenye uwanja wa katikati ya mji wazee wa miaka tisini, mia hivi, sikudanganyi, wanacheza danzón, dansi yao ya zamani ya wawili wawili, kama hawakanyagi chini. Nikamwomba bibi mmoja tucheze, nimwonyeshe tunavyocheza Bukavu. Muziki ulipofika pale sisi hukata kiuno, nikakata. Kumbe hapo wao huacha kucheza, husimama wote pembeni, wasikilize muziki! Mke wangu akapiga kelele: “Baba Amani, umewafukuza wote?” Nikajua nimeaibisha Kongo nzima. Bibi akanishika mkono polepole, akanisimamisha kando yake. Neema, bingwa mzima nilisikiliza bila kutikisika, machozi karibu. Dansi iliporudi, bibi hakuniachia mkono.

Wabusu watoto. Waambie babu yao alicheza hadi mwisho.

Mjomba wako,
Baba Amani