Ndiyo Bwana ya Pili

Barabara ya Old Gin,
Pell Ferry, Alabama.
Alhamisi, 22 Julai 2010

Mpendwa Kaka Lucius,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, tafadhali kaa kwenye kiti cha jikoni, si kile cha sebuleni mbele ya televisheni. Kwenye kona ya karatasi hii nimefunga kalamu kwa uzi. Iache hapo hapo ilipo, nitakwambia kazi yake.

U hali gani, kaka yangu? Kichwa kinaendeleaje, na usingizi je, unaupata? Wifi yangu Corinne ameniambia kwamba asubuhi unaamka vizuri, na kwamba mambo huanza kuchanganyika baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nimemwomba akupe barua hii asubuhi, ukishakunywa kahawa yako. Natumaini huko Spokane kuna ubaridi kidogo. Huku kwetu tunachemka. Hii ni wiki ya tatu hatujaona tone la mvua, na mahindi ya Hollis yamekauka yakiwa yamesimama.

Sisi tu wazima wa kadiri. Sukari yangu inapanda na kushuka kama ipendavyo. Daktari ananigombeza kwa ajili ya mkate wa mahindi nami namwitikia tu, kisha narudi nyumbani nakula. Shemeji yako Hollis bado yuko kiwanda cha kuku, na vidole vyake vimeanza kufa ganzi kwa ile baridi ya ndani. Halalamiki, ila siku hizi vifungo vya shati namfunga mimi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kupalilia kaburi la Mama. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Mtini wake hapa uani umezaa kupita kiasi mwaka huu, lakini sina hamu ya kupika jemu. Chupa nimezipanga mezani tangu Jumatatu na ziko tupu mpaka leo.

Sasa nije kwa mwanangu Kendrell, maana yeye ndiye sababu ya barua hii. Nitaanza mwanzo kabisa. Kama unayakumbuka haya, nivumilie. Kama huyakumbuki, usione haya, soma tu.

Kendrell ametimiza miaka kumi na minane na mwezi Mei amemaliza shule. Amekuwa mrefu kuliko wewe, na mabega ni yale yale yako. Mbele yake kuna mambo mawili, na hawezi kuyashika yote. La kwanza ni futboli, hii yetu ya kofia ngumu na kukumbana. Chuo kikuu kile kile ulichokichezea wewe kinamtaka awe beki wao, na kocha alikuja hapa nyumbani, akala samaki wangu vipande sita, akamwahidi namba arobaini na nne. Namba yako. La pili ni besiboli. Mwezi Juni klabu moja ya kulipwa ya huko kaskazini ilimchagua kwa sababu ya anavyoupiga mpira kwa gongo. Ataanzia chini kabisa, kwenye timu zao ndogo, miaka mitatu minne ya kulala kwenye mabasi na kula mikate ya baridi. Lakini wamesema wazi kwamba akitia saini kwao, asivae tena kofia ya futboli maisha yake yote. Wamempa hadi katikati ya Agosti. Chuo nacho kinaanza mazoezi tarehe tatu.

Unaujua mji huu. Pale kwa Purvis kinyozi hawazungumzi kingine. Hollis alimpeleka Kendrell kunyolewa, na Purvis akasimamisha mkasi ili amcheke vizuri. Akamwuliza, "Besiboli ndiyo nini, kijana? Kusimama majanini unatafuna mbegu za alizeti mpaka jua lizame? Mjomba wako alikuwa akimkumba mtu, mama yake anasikia huko aliko." Wote wakacheka, na Hollis naye akacheka, na alipokuja kunisimulia mimi sikumsemesha siku mbili. Kanisani akina mama wameshanunua kofia za rangi za chuo. Hakuna aliyemwuliza mtoto anataka nini.

Mimi sikuwahi kuipinga futboli. Nilikuwa jukwaani nikipiga kelele siku zote ulizocheza, hata siku ile walipokubeba mabegani. Ilikuwa furaha yetu kubwa, wala siikani. Lakini Novemba iliyopita Kendrell aligongana kichwa kwa kichwa na mtoto wa timu ya Linden, akaanguka, akainuka, akaendelea kucheza. Tulipokuwa tukirudi nyumbani garini alimwuliza baba yake nani ameshinda. Hollis akamjibu. Tulipofika darajani akauliza tena, kwa sauti ile ile, na tulipoingia uani akauliza mara ya tatu. Kaka, niliogopa mpaka nikashindwa kufungua mlango wa gari. Sauti ile naijua. Naisikia kila ninapokupigia simu.

Hilo nalisema waziwazi kwa sababu umri wetu umepita wa kufichana. Unasahau, Lucius. Si kusahau kwa uzee, maana una miaka hamsini na mmoja tu. Ni kwa vile vichwa ulivyogongana navyo hapa, na chuoni, na miaka ile saba ya kulipwa. Daktari wenu amesema hivyo, na Corinne amesema hivyo, na wewe mwenyewe asubuhi nyingine unasema hivyo. Sote tumezoea kuzunguka zunguka tusikuambie. Machi ulipoambiwa kwamba ulishakwenda mazishi ya rafiki yako Cleophus, kwamba hata jeneza ulilibeba, ulikwenda kukaa ndani ya gari gereji, ukafunga milango, hukutoka mpaka jioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kukusahihisha. Leo mimi ninao, au sina, lakini sina jinsi nyingine.

Kendrell alikaa na lile jambo lake tangu Juni, hali vizuri, hacheki. Mwishowe akatuambia mimi na baba yake kwamba atafanya atakachosema Mjomba, basi. Akakupigia Jumapili, tarehe ishirini na saba Juni, baada ya kanisa. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikimenya viazi, na sauti yako ilikuwa kubwa kama kawaida yako, kwa hiyo nilisikia yote. Ulikuwa mzima siku hiyo. Ulikuwa wewe kabisa, yule kaka aliyenifundisha kuendesha gari.

Ulimwambia, "Mpwa wangu, chukua gongo ukacheze. Nilipenda futboli kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na tazama, jana nimeshindwa kukumbuka jina la mke wangu nikiwa namwangalia usoni. Usije ukawa mimi. Umenisikia?"

Akakujibu, "Ndiyo bwana."

Akaweka simu chini, akatoka akaenda kukaa chini ya ule mtini akalia, na mimi nikakiona kile ni kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nilipika siku hiyo, kaka. Nilipika kama ni Krismasi.

Alhamisi, tarehe mosi Julai, simu ikalia. Ni wewe. Ulikuwa na furaha mno. Ulimwambia umesikia kwamba wamempa namba yako, kwamba umeshamwagiza Corinne akate tiketi za ndege, kwamba siku ya mchezo wa kwanza wewe utakuwa pale pale uwanjani umevaa koti lako la zamani. Ukamwuliza, "Utanivalia hiyo namba, au siyo, mwanangu? Niione tena kabla sijafa?"

Kendrell alinitazama. Nilikuwa natikisa kichwa, namwashiria kwa mikono miwili kama mwendawazimu. Akanigeuzia mgongo, akasema, "Ndiyo bwana."

Unajua neno hilo ni nini katika nyumba yetu. Wewe na mimi tulikula kofi moja moja kwa mkono wa Mama kwa kumjibu Baba "ndiyo" kavu. Na kofi la pili, lile kubwa, lilikuwa la kusema "ndiyo bwana" halafu usifanye. Ukishalitamka kwa mtu mzima wako, limekwisha kutoka, huna haki ya kulirudisha. Watoto wengine siku hizi wanalisema kama wanapiga chafya. Wangu nilimlea kama tulivyolelewa, na nilijivuna nalo. Sasa linanirudia mimi.

Nilimwambia, "Amesahau, mjomba wako amesahau tu, alichokuambia Jumapili ndicho alichokusudia." Akaniambia, "Najua amesahau, Mama. Nani atamwambia? Nimwambie aliyoyasema juu ya kichwa chake mwenyewe, ayasikie upya kama ndiyo mara ya kwanza? Siwezi. Na nimeshamjibu ndiyo bwana."

Nikamkumbusha kwamba hata Jumapili alijibu ndiyo bwana. Akasema ya mwisho ndiyo anayoikumbuka Mjomba, kwa hiyo ndiyo inayohesabika. Tangu siku hiyo ananiitikia "ndiyo mama" kwa kila kitu, anafua nguo zake, anaosha vyombo, hanibishii kwa lolote, na uamuzi wake hautikisiki. Yule mtu wa klabu amepiga simu mara nne. Kendrell anamwambia asante kwa adabu na kukata. Begi lake la chuo liko mlangoni.

Tulijaribu kukuunganisha naye kwenye simu, Corinne akiwa pembeni yako. Hukumbuki, na si kosa lako. Ukisikia sauti yake tu unarudi zamani, unamwuliza habari za mchezo wa kwanza, na kila ukiuliza anakujibu ndiyo bwana upya. Sasa zimefika nne. Nimemkataza asikupigie tena, wala asipokee simu yako.

Ombi langu ni hili, na sina jingine. Unaweza kumfungua wewe tu. Mimi siwezi, baba yake hawezi, mchungaji amejaribu akashindwa. Mtoto hatalivunja neno alilompa mjomba wake, lakini wewe mwenye neno ukimrudishia, atalipokea. Na lisiwe kwa simu, liwe kwa maandishi, kwa mkono wako. Mwandiko wako anaujua, maana kadi zote ulizokuwa ukimtumia toka kila mji mlikocheza amezihifadhi kwenye sanduku la viatu. Maandishi yakishafika hapa hayatabadilika Alhamisi.

Naona haya kukuomba, Lucius. Najua ninakunyang'anya nini. Najua hiyo namba, na lile koti, na uwanja ule, ndivyo vitu vilivyobaki ambavyo ukivifikiria unacheka. Corinne ameniambia unalipiga pasi lile koti kila Jumamosi. Ningekuwa na njia ya kukuachia furaha hiyo na kubaki na kichwa cha mwanangu, ningeifuata hata kwa magoti. Nimeitafuta wiki tatu nzima, sijaiona.

Hollis anakusalimu sana, na anasema amekoma kucheka kwa Purvis. Shangazi Willa Mae anakusalimu, bado anakula nyama ya nguruwe na bado anamzidi daktari wake afya. Msalimie Corinne, mwambie mikono yake ibarikiwe kwa kazi anayoifanya ambayo hakuna anayeiona. Mwenyezi Mungu akushike mkono asubuhi, na jioni zaidi.

Mimi dada yako, niliyekupenda ulipokuwa ukinikumbuka na nitakayekupenda hata usiponikumbuka,

Ernestine

Baada ya jina langu nimeacha nafasi. Sasa fungua kalamu. Usiinuke kwenye kiti, kaka, nakusihi. Hii ni barua ya tatu kukuandikia. Ya kwanza uliisoma, ukalia, ukainuka kwenda kutafuta kalamu, na uliporudi jikoni ukamwuliza Corinne kama posta wameleta chochote. Ya pili uliijibu ukurasa mzima, mwandiko mzuri, ila ulimwandikia kocha wenu aliyekufa mwaka tisini na moja, ukimwahidi kwamba goti limepona. Ndiyo maana safari hii kalamu iko hapa, na jina nimekuanzia mimi. Andika maneno yale ya Jumapili, hata matatu tu, kisha mpe Corinne. Bahasha yenye stempu iko nyuma ya karatasi hii.

Kendrell, mpwa wangu,

.......................................................

.......................................................