Stilo ya Tata Kalonji Haikuibwa

Kolwezi, mutaa wa Kasulo
Tarehe 12, mwezi wa tatu, 2024

Mpendwa Mignonne, mujukuu wangu na muke mwenzangu,

Jambo sana. Baridi ya Liège, huko Ubelgiji, inakufanya nini? Kifua kile kilichokuhangaisha kwa Noeli kimepona? Unakula bukari ya muhindi ao unashinda na mukate tu? Mi niko muzima, magoti ndiyo yanalalamika. Nyumba imepasuka tena upande wa jikoni, sababu jirani Kyungu anachimba kobalti chini ya kitanda chake mwenyewe. Tunaishi, Mungu yuko.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini nikugombeze.

Kaka yako Henri amezaa mutoto mwanaume, hiyo unajua. Tulipatana ataitwa Kalonji, jina la kambo yako, marehemu bwana yangu, na Yenga hii inayokuja, siku ya misa, padri atamubatiza. Lakini tangu ulipomupigia Henri telefoni, jina hilo limekwama kooni mwa bantu. Ulimuambia uliona foto ya stilo ya kambo, kalamu yake ya wino, imesimama ndani ya kiti chake cha malakiti, lile jiwe la kijani, na mukia wake murefu nyuma, na wewe unayeuzisha bitu bya zamani huko Bulaya unajua: stilo ya namna ile ni ya mesa ya biro, ya ofisi, haitembei mufukoni, basi kambo aliibeba ya biro. Henri anasema ulicheka. Bibi yake, mama ya mutoto, akasikia, mama ya bibi yake, Mama Ntumba, akasikia, na yule hana mulango kwa kinywa. Akasema mbele ya bantu: «Mujukuu wangu hatabeba jina la mwizi.»

Mignonne. Kambo alikuwa anakuita bibi yake mudogo, anakuletea karanga wewe, mi naangalia. Leo unamuita bwana yako mwizi, na shahidi wako ni foto?

Sikiliza, wewe wa masomo. Mi nilifika mwaka wa tatu tu, lakini stilo ile niliiona kila magaribi miaka makumi mbili. Kambo yako alikuwa karani pa stasio ya gari la moshi kule Tenke. Stilo za biro zilifungwa na munyororo, na mulinzi alipekua mifuko ya makarani bote mulangoni. Yake aliinunua kwa Mugriki mwenye duka, kisha ndoa yetu, na mi nilinuna mwezi muzima sababu nilitaka kitenge. Kiti cha malakiti alikichongesha kwa fundi.

Stilo ile ilikuwa na sura mbili. Pa mesa alizungushia mukia nyuma, akaisimamisha kitini. Saa ya kutoka alifungula mukia, akaweka kichwa kidogo cheusi pa nafasi yake, akavalisha kifuniko mbele, akaitia mufukoni. Mukia ulibaki bironi kulinda kiti. Alipoacha kazi alibeba byote, mukia na kiti, akapita mbele ya mulinzi yule yule, na mulinzi akamushika mukono wa kwaheri.

Unataka kujua stilo? Acha foto, uishike. Ile ya mesa tu, mwili na mukia ni kitu kimoja, haina pa kuachana. Ya kambo yako, pitisha ukucha, utasikia mustari. Zungusha kushoto: mukia unatoka, ndani kuna meno ya kuzungushia. Sasa angalia shingo, karibu na ulimi wa zahabu unaoandika. Kuna meno ingine. Ya kazi gani? Ya kushika kifuniko. Stilo isiyovaa kifuniko maisha yake yote, nani angehangaika kuikatia meno shingoni? Hiyo haukuona, sababu uliangalia na mudomo.

Yenga iliyopita niliita bote kwangu. Nilifungula mukia mbele ya macho yabo. Mama Ntumba hakutingishika. Akaniita kwa jina langu: «Na kifuniko iko wapi, Mama Mujinga? Ao yenyewe ilikataa kuibwa?»

Kifuniko kilikuwa ndani ya kikapu changu cha kushonea. Tangu kambo yako alipotuacha, ndimo ninawekea sindano, nikiziba na kitambaa. Ndiyo sababu haukukiona pa foto. Kosa hilo ni langu, ninalikubali, na ni moja tu. Nilimwaga sindano pa mesa, kichwa kidogo cheusi kikaanguka pamoja nazo. Nikakizungushia nyuma, nikavalisha kifuniko, mistari ya kijani ya kifuniko na ya mwili ikafuatana toka juu mpaka chini. Nikaichomeka kwa mufuko wa shati ya Henri.

Mama Ntumba aliangalia sana. Kisha: «Basi unigawie hata sindano moja, mama.» Bantu bakacheka. Nilimupa ile iliyopinda.

Lakini Henri, stilo iko kifuani mwake, akaniambia, «Kambo, tungojee kwanza Mignonne aseme. Yeye ndiye anajua.» Hapo moyo wangu uliwaka. Mi niliyeosha mashati ya mutu yule, niliyetoa madoa ya wino pa mufuko, eti sijui. Mpaka Bulaya iitike.

Mi singojei. Mbele ya Yenga utamupigia Henri, useme na kinywa kile kile: nilikosea, kambo hakuiba. Usipopiga, mi mwenyewe nitabeba mutoto mpaka kwa padri, na padri akiuliza jina, sauti itakayojibu ni yangu. Na siku utakayokuja, utaleta kuku mweupe, uende kaburini uombe musamaha sawa bibi aliyemusingizia bwana yake. Stilo uliyoniomba nikutumie uionyeshe dukani, haitoki Kasulo.

Sindano nimezihamishia ndani ya kopo ya tomati. Kifuniko kimerudia stilo, na hapo kitabaki.

Musalimie bwana yako wa huko, Kabasele, umuambie anenepe kidogo. Shangazi yako Mbuyu anakusalimia. Henri na bibi yake banakusalimia, na mutoto wabo Kalonji pia.

Mungu akufunike, baridi hiyo isikupate, na ulimi wako aulainishe.

Ni mi kambo yako, anayekupenda hata akikugombeza,

Mujinga