Keki ya Babu Burhan

Cissy, uko? Hapa Walukuba mimi hata sijielewi.

Si unajua bibi yangu, haboba Madina, hajawahi kukubali mumewe asomewe hitma? Babu Burhan alichukuliwa na wanajeshi kwenye vita vya sabini na tisa, maiti haikuonekana, basi kwa haboba yu hai. Ndiyo maana mashabiki wa bendi ya babu huja kila mwaka na keki, siku yake ya kuzaliwa.

Leo kaja mzee mgeni, afande mstaafu wa Mbale. Kala pilau yetu kwanza, ndipo akaimba. Wimbo hakuna aliyeujua. Una jina la haboba, Cissy. Madina, Madina.

Haboba akamuuliza taratibu, "Afande, huu umeutoa wapi?"

"Nilikuwa mlinzi wake mahabusu, mama. Aliuimba. Kesho yake tukamzika."

Tukamzika. Kasema hivyohivyo, midomo ingali na mafuta ya pilau.

Haboba hakulia. Aliweka kisu cha keki chini, akafuta krimu vidoleni, akavua bangili moja moja.

Kisha akaniambia, "Ramula, nitandikie mkeka ndani. Naanza eda."