Waliogonga Mlango wa Brenna

Flagstaff, Jumapili

Kwa dada yangu Arlene,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Natumaini goti limepoa na baridi ya Nebraska imekuhurumia. Mimi ni mzima kupita kiasi. Daktari alisema moyo wangu ni wa kijana wa miaka ishirini, nikamwambia kijana huyo asije kuudai.

Mwanao Brenna naye mwili hajambo. Juzi alikimbia maili ishirini kwenye theluji, mimi nyuma na pikapu. Ningeshuka ningempita, ila buti zilinibana. Roho yake ndiyo haijatulia. Unajua wakimbiaji wa daraja lake huandika, kwa kila siku, muda wa saa moja ambao lazima wawe nyumbani, ili wapimaji wa dawa za kusisimua misuli waje bila taarifa. Ukikosekana mara tatu ndani ya mwaka, unafungiwa miaka miwili. Mara mbili alikosekana kweli, ndege zilichelewa. Sasa imekuja barua kwamba ya tatu ni Machi tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Brenna anaapa alikuwa amelala humu ndani na hakuna aliyegonga. Kamati itamsikiliza Alhamisi. Ana miaka thelathini na minne. Akifungiwa, ndiyo basi.

Mimi nikaanza upelelezi. Kwanza jirani mwenye mbwa, kwa nini ananisalimia sana siku hizi? Halafu kocha Stroud. Ratiba anaijua, na tangu Januari hamalizi siku bila kumsifu yule msichana mkimbiaji wa Oregon. Brenna hakutaka kusikia, lakini nililirudia jambo hilo kila mlo mpaka Jumanne akamwuliza kocha usoni kama ndiye aliyemchongea. Stroud alivua kofia, akasema, "Miaka kumi na moja, Bren, na bado unaniwazia hivyo?" Akaondoka. Hajarudi.

Arlene, barua ilipofika tu nilijua. Ni mimi.

Asubuhi ile walikuja mwanamke na mwanamume, na kibegi cha barafu, wakimwulizia. Nikadhani wapelelezi wa timu nyingine. Walitoa vitambulisho; nikawaambia hata mimi ninavyo vitatu, kimoja cha sherifu. Nikasema Brenna yuko Meksiko, anazunguka mdomo wa volkano kwa mazoezi. Walikaa garini saa nzima, nami dirishani nikijipongeza. Mwanao alikuwa chumba cha nyuma, ndani ya lile hema analolala kwa mazoezi, lenye hewa nyembamba kama ya kileleni, mashine ikivuma, asisikie kitu.

Wakili anasema ikithibitika kuna mtu aliyewafukuza, huenda Brenna akapona. Basi leo, tukila pankeki, nilimweleza Brenna yote. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. "Volkano tena, Mjomba? Najua unanipenda. Lakini usiende kuwadanganya wale watu kwa ajili yangu." Nikaapa kwa kaburi la mama. Akasema niliapa hivyohivyo kuhusu dubu.

Stroud hapokei simu yangu.

Tangu utotoni ni wewe peke yako unayenitazama ukajua nasema kweli au la. Panda basi ufike kabla ya Alhamisi. Unitazame mbele yake, halafu umwambie.

Wasalimie Dale na wenzako wa kanisani, ila usiwaambie kinachokuleta.

Kaka yako,
Verlin