Uso wa Mama Uliotazama Kusini

Mtaa wa Stesheni ya Kale,
Acheng, Harbin.
19 Januari 2011

Mpendwa mdogo wangu Guifen,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Goti lako linaendeleaje? Na mwanao, ameshaacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila kidole gumba cha kushoto kimebabuka kwa baridi, na nikikueleza sababu utasema nimejitakia.

Nazi kavu ulizotuma zimefika. Majirani walizionja wakasema zina ladha ya mshumaa, lakini hawakubakisha hata kipande. Mimi nimekuwekea uyoga mkavu na nitautuma kabla ya mwaka mpya wa Kichina.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nilikwenda Harbin mjini kwenye sanamu za barafu. Najua uliniandikia, "Dada, baba ameshakufa, mwache Desheng na dhamiri yake." Guifen, dhamiri hiyo nimeitafuta kwa miezi tisa sijaiona, nikaamua niende mwenyewe.

Unakumbuka jinsi Guan Desheng alivyolia kwenye msiba. Alilia mlangoni, akalia jikoni, halafu akaomba aachwe peke yake kwenye karakana ya mwalimu wake ili amuage. Tukamwonea huruma. Baba alimlisha miaka minne na kumfundisha kushika patasi ya kuchongea barafu, hata kama mwenyewe aliona uso wa mtu ni kazi ya kuchosha akaenda kujenga kuta na mateleza ya watoto. Asante ya punda mateke. Alipotoka karakanani, ule mchoro wa mama akiwa amebeba taa ya barafu ya ndoo, ile ya kuwashwa mshumaa ndani, mchoro ambao baba aliuchora mwaka aliofariki mama na hakuwahi kuuchonga, haukuwepo tena.

Sikukwambia kilichofuata. Mwezi wa tisa nilikuwa nafagia chini ya jiko la karakana nikakuta kipande cha karatasi, kona iliyokatwa kwa kisu. Ina mhuri mwekundu wa baba, na juu ya mhuri kuna mwandiko wake: "Uso utazame kaskazini. Xiulian hapendi jua." Nilikaa chini kwenye majivu nikalia. Unamkumbuka mama na kile kitambaa chake, kiangazi chote kimefunika uso mpaka machoni.

Mwizi alikuwa amekata jina la baba, na onyo likaondoka nalo.

Basi tarehe tano ya mwezi huu nikapanda treni. Mashindano ya mafundi yalikuwa kwenye bustani ya mtoni, na mabonge ya barafu yalikuwa yamekatwa hapohapo, safi kama kioo. Nilimwona mama kabla sijamwona Desheng. Guifen, alikuwa yeye! Ndoo yake, kitambaa chake kichwani, bega la kushoto limeshuka kidogo, na lile tabasamu la mtu anayekaribia kukugombeza. Chini yake kibao kimeandikwa: "Mama Yangu. Ubunifu na kazi ya Guan Desheng." Mama yake! Mama yake yuko hai Shuangcheng, mnene, anacheza karata. Damu ilinichemka hata baridi sikuisikia.

Uso ulikuwa umeelekea kusini, langoni, walikosimama wapiga picha.

Akaniona. Wala hakushtuka.

"Aa, dada Guizhi! Umekuja! Njoo umwone bibi huyu. Unaonaje?"

"Amependeza. Umemfananisha na nani?"

"Basi tu, akina mama wote wa kaskazini wanafanana."

"Na mbona umemwelekeza langoni?"

Akacheka. "Sasa dada, nimwelekeze mtoni awachekee samaki? Watu waingie waone mgongo? Au wewe unaonaje, nimgeuze?"

Hapo ndipo nilipofanya nilichokifanya, na sikufichi. Neno moja tu la onyo lingetosha. Nikamwambia, "Hapo hapo pazuri, fundi. Usimsogeze hata kidole."

Majaji walikuwa wapite siku ya kumi. Nikakaa kwa binamu yetu wa Daowai, na kila siku saa sita mchana nikaenda kutazama. Kama ungeniona! Nasimama na tunda langu la peasi lililogandishwa mkononi, natafuna polepole, naangalia jua. Mwaka huu siku zilikuwa shwari, hakuna upepo wala wingu. Kuta za Desheng hazijali jua, zina unene wa mikono miwili, kwa hiyo yeye hajawahi kujua jua linafanya nini kwenye pua. Siku ya tatu uso ukawa na ukungu mashavuni. Siku ya tano ncha ya pua ikawa butu. Siku ya saba midomo ikaingia ndani kama ya kikongwe asiye na meno.

Siku hiyo ya saba nilicheka, na iliniuma nilipocheka. Yule alikuwa mama. Nilikuwa nimesimama nikimtazama akiliwa uso, na mwenye uwezo wa kumtoa juani nilikuwa mimi. Nikavua glavu nikamfunika pua kwa kiganja mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Halafu nikakumbuka kibao kile, nikaondoa mkono. Nilitaka kisasi kuliko nilivyotaka uso ule, na mpaka leo sijui baba angeniambia nini.

Siku ya kumi majaji wakaja, watatu, mkubwa wao Bi Ning, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda. Akamwangalia mama muda mrefu.

"Fundi Guan, huyu mama yako ana maradhi gani usoni?"

Watu wakacheka. Desheng akawa mwekundu. Nilidhani atasingizia hali ya hewa. Kumbe ana akili fupi kuliko nilivyomkadiria.

"Kosa si langu, mheshimiwa. Mchoro wenyewe ndio mbovu. Aliuchora mzee Tong Shouyi, marehemu, alikuwa ameshazeeka, macho hayaoni. Mimi nimefuata tu. Hata ninao hapa, tazameni!" Akautoa kifuani, akaukunjua mbele ya umati.

Guifen, miezi tisa nilikuwa natafuta namna ya kumfanya alitaje jina la baba. Amelitaja mwenyewe, ili kulipaka matope.

Nikapita katikati ya watu. Nikatoa kile kipande kwenye glavu, nikakiweka kwenye kona iliyokatwa. Kikaingia, mstari kwa mstari. Bi Ning akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Uso utazame kaskazini. Xiulian hapendi jua."

"Xiulian ni nani?" akauliza.

"Ni mama yangu," nikasema. "Na Tong Shouyi ni baba yangu. Huyu alikula kwake miaka minne, akaiba mchoro siku ya msiba, akakata mhuri. Mzee aliyeona vibaya ni yupi hapo?"

Hakuna aliyecheka tena. Desheng akaanza, "Dada Guizhi, tuzungumze kando..." Bi Ning akamwambia, "Kando ya nini? Umeshazungumza."

Wamemwondoa mashindanoni, na kibao wameandika upya: "Mchoro: Tong Shouyi." Wakaniuliza kama sanamu ivunjwe. Nikakataa. Wanaume sita na mitaimbo wakamgeuza mama kaskazini. Uso haukuwepo tena, lakini kitambaa na ndoo vilikuwa vizima, na niliwasha mshumaa ndani ya ndoo kwa mkono wangu.

Shemeji mzima? Msalimie sana, na mwanao Jinhai, na jirani yako aliyekutafutia dawa ya goti. Mbingu ziwaepushe na maradhi, na mwaka mpya uwakute mmekaa meza moja.

Jambo la mwisho, na usinisihi tena nimsamehe. Nasikia Desheng ameona aibu ya mji, amekata tiketi ya kuja huko kwenu Sanya kumalizia baridi juani, na anaulizia unapoishi. Akibisha hodi, mdogo wangu, mfungulie, mpe chai, uwe na adabu zote alizotufundisha mama. Kiti tu ndicho ukiweke barazani, kitazame kusini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Tong Guizhi